Pumzi ya Taa

Kabla ya kupima mtu, tulipima taa. Ndivyo asubuhi zetu zote zilivyoanza katika ile nyumba ya Malindi. Taa yenyewe ilikuwa kikopo kidogo cha chuma chenye utambi. Tulikitia spiriti, tukakiwasha, tukakiweka juu ya kigae kitandani, mahali ambapo kichwa cha mtu kingekaa, kisha tukakifunika kwa kuba la plastiki angavu. Kuba lile lina jina refu vitabuni, lakini mama mmoja wa Mambrui aliyekuja kupimwa alilitazama akauliza, "Hili si kawa tu? La kufunikia wali?" Tangu siku hiyo hatukuliita vingine.

Kwenye kawa ulitoka mpira mnene mweupe, ukapenya ukuta hadi ukumbini ilipokuwa mashine. Pampu ilivuta hewa ya chini ya kawa, na mashine ikahesabu oksijeni iliyotumika na kaboni iliyotolewa. Kwa hesabu hizo mbili unajua mwili wa mtu unachoma nini akiwa amelala tu, hajala, hasemi, hafanyi lolote ila kuishi. Mwili ukichoma sukari hutoa kaboni sawa na oksijeni uliyovuta, mia kwa mia. Ukichoma mafuta hutoa pungufu, kama sabini kwa mia. Watu waliolala pale wakiwa hawajafungua kinywa walianguka kati ya hizo mbili. Spiriti haimo humo. Spiriti ikiungua hutoa sitini na saba kwa mia, leo, kesho na siku ya kiyama, na ndiyo maana tuliitumia. Mashine ikisema sitini na saba, imesema kweli, mwite mtu alale.

Jambo moja la taa ile sikulizoea kamwe. Mwali wake haukuonekana. Dari ya chumba ilikuwa na taa kali, na spiriti tuliyotumia huungua bila rangi. Ungetazama kitandani ukaona kikopo tu, kimekaa kimya kama kimesahauliwa. Lakini ukumbini, kwenye kioo cha kompyuta, palikuwa na mtu. Mstari ulipita taratibu, umenyooka, ukitumia oksijeni na kutoa kaboni, mtu mtulivu kuliko watu wote, amelala kwenye kitanda kisicho na mtu.

Nyumba ilikuwa ya likizo ya Mzungu mmoja aliyeondoka zamani. Chumba cha kitanda kilikuwa stoo yake ya mvinyo: hakina dirisha, kuta zake za mawe ya matumbawe ni nene, joto lake halibadiliki mchana wala usiku. Profesa wetu alikichagua kwa sababu hiyo. Majirani walikuwa na lao. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara alituuliza kama ni kweli humo ndani tunapima roho za watu.

"Ni kweli," mwenzangu alimjibu, "na yako tumeshaipima kupitia dirishani. Nyepesi mno, mzee."

Mwenye duka hakucheka. Kesho yake tulikuta amefukiza ubani mlangoni pake.

Tulikuwa wawili tu tuliokuwa tukifundishwa pale kwa shahada ya uzamivu, tuje tuwe watafiti wa namna mwili wa binadamu unavyokichoma chakula. Mwenzangu alikuwa kijana wa bara, tabibu, aliyeshona vidonda na kuzalisha akina mama kabla ya kurudi darasani. Mimi sikupita mlango huo. Shahada zangu za awali ni za hisabati. Fiziolojia nilijifundisha mwenyewe, nyumbani Marereni ambako baba anafanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi, kwa vitabu nilivyopakua kwenye simu na mihadhara niliyoirudia hadi nikawa najua mhadhiri atakohoa wapi. Nilipokubaliwa sikufurahi. Niliogopa. Niliishi nikingoja mtu aniulize swali dogo la kitoto, kwamba figo iko wapi, mkono wangu uende pasipo. Kila nililoandika nililiandika upya. Nikitoka nyumbani nilirudi kuhakikisha mlango, na nikishahakikisha nilirudi kuhakikisha kwamba nilihakikisha. Mwenzangu aliniita Bibi Desimali, nami nilicheka kila mara ili asijue kwamba kila mara kuliniuma.

Profesa alikuwa mwenyeji wa Malindi, mwanamke wa makamo aliyesomesha nchi za mbali na kurudi na goti bovu. Alikuwa na kanuni moja aliyoisema kwa maneno yale yale: usimfanyie mtu jambo ambalo mwili wako haujalionja. Kwa hiyo tulifunga, tukanywa ile shira ya sukari inayokwama kooni, tukachomwa sindano kila baada ya muda mfupi hadi mikono ikavilia damu. Na la mwisho, tulilazwa chini ya kawa. Kila mwanafunzi alitakiwa atoe asubuhi tatu za kipimo kilichotulia. Asiyeweza kutulia, alisema, hawezi kumtuliza mwingine, na asiyeweza kumtuliza mwingine atapima wasiwasi wa watu maisha yake yote akidhani amepima miili yao. Asubuhi hizo tatu zisipopatikana kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, yeye hatasaini fomu ya kuendelea. Nafasi itaenda kwa mwingine.

Mwenzangu alizipata zake kwa wiki moja. Shida yake ilikuwa kumzuia asikorome.

Mimi nilishindwa. Nililala pale, kawa likashushwa usoni, sauti za dunia zikafifia, pampu ikaanza kunguruma kwenye mpira karibu na sikio langu, na papo hapo nikajua kwamba kila pumzi yangu inahesabiwa. Hebu jaribu. Ukishajua pumzi inahesabiwa, hakuna inayokuja yenyewe. Nilivuta nikaona nimevuta sana. Nikapunguza nikaona nimepunguza mno. Mstari wangu ulipanda na kushuka kama msumeno.

"Dada, unapumua kama mtu anayefanya mtihani," mwenzangu alisema kutoka ukumbini.

"Ni mtihani."

"Basi unanakili."

Asubuhi zikapita, wiki zikapita. Yule mama wa Mambrui alirudi kupimwa na mwenzangu, nami nikapewa kazi ya kumshika mkono na kumweleza kinachofanyika.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu." Alisimama mlangoni akikitazama kitanda, hakuingia. "Mbona mmekielekeza hivi? Hivi ndivyo tunavyomlaza aliyekwisha."

Tulikisukuma kitanda, mwenzangu na mimi, hadi akaridhika. Alipolala alinitazama kupitia plastiki kwa muda, kisha akasema, maneno yakija kwa mbali kama yanatoka chini ya maji, "Na wewe binti, unavuta pumzi kama mtu aliyejificha uvunguni." Akacheka. Nikacheka. Halafu nilikwenda msalani nikajitazama kwenye kioo nikipumua, nikaona ni kweli. Kifua hakikusogea. Nilikuwa nikiiba hewa.

Nadhani mtu mwingine angepumzika siku mbili, akaenda kuogelea, akarudi. Mimi nilifanya ninachofanya kila mara. Nilijifundisha. Na namna yangu ya kujifundisha ni moja: namtafuta anayefanya jambo vizuri kuliko wote, namfuata hatua kwa hatua hadi tusitofautiane. Ndivyo nilivyojifunza Kiingereza cha vitabu, ndivyo nilivyojifunza kuandika programu za kompyuta. Sasa nilitaka kujifunza kutulia, nikajiuliza ni nani mtulivu kuliko wote waliowahi kulala kitandani pale.

Jibu sikulitafuta mbali. Lilikuwa kwenye kioo kila asubuhi.

Alasiri, Profesa na mwenzangu wakishaenda zao, nilibaki. Niliiwasha taa, nikaifunika, nikaketi ukumbini mbele ya mstari wake. Nilivuta pumzi mstari ulipokuwa, nikatoa mstari ulipokuwa, nikazipunguza pumzi zangu zisiinue wala kushusha chochote ndani yangu, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Mwanzoni kichwa kiliniuma. Baadaye kikaacha. Ikafika mahali nikawa naingia chumbani, nasimama kando ya kitanda, naweka kiganja karibu na kawa niisikie hari ya ule mwali nisiouona, na kupumua nao. Naona aibu kuandika kwamba nilianza kupenda kukaa na taa ile. Haikuwa na kikohozi, haikuwa na mawazo, haikuhitaji kuombewa. Nilipoizima nilijisikia nimemkatiza mtu maneno.

Mambo mengine yakaanza kubadilika, nami nikayaona mazuri. Sikuwa na haraka tena. Njaa ilipungua. Kwenye tuktuk, dereva aligeuka mara mbili kuhakikisha kama nimo. Mwishoni mwa wiki nilikwenda nyumbani Marereni, na baada ya chakula cha mchana nikajinyoosha kwenye mkeka uani. Nilipofumbua macho, mama na jirani walikuwa wameniinamia, mama ameshika kata ya maji tayari kunimwagia.

"Nimekuita, nimekuita!" alisema. "Hata jirani kaisikia sauti yangu kule kwake!"

"Nilikuwa napumzika, mama."

"Kupumzika gani huko? Kuku amepita juu ya kifua chako. Amepita, akasimama, akadonoa, akashuka."

Jirani akasema labda ni uchovu wa masomo, masomo mengi hukausha ubongo. Jioni yote mama alipata visingizio vya kupita karibu yangu na kunigusa: kunipa kikombe, kunitoa uzi begani.

Jumatatu nilimwambia Profesa niko tayari.

Namna tulivyofanya kazi ilikuwa hivi. Anayelala analala chumbani. Anayesimamia anakaa ukumbini mbele ya kioo, mgongo wake ukiwa kwenye mlango wa chumba, kwa sababu waya za mashine zilikuwa fupi na meza ilikaa hapo tu. Kazi yake ni kuangalia mstari, na mstari ukionyesha dalili ya usingizi, kuita. Ule uwiano, sabini au themanini au ngapi, ulifichwa kwenye kioo siku za kupima mtu. Profesa alitaka iwe hivyo ili tusije tukailenga namba badala ya kuupima mwili. Aliufungua mwenyewe baadaye, peke yake.

Asubuhi ya kwanza mwenzangu alisimamia, na kawa lilipoinuliwa alikuwa amesimama akitikisa kichwa.

"Bibi Desimali! Leo umenyooka kama rula. Umekula nini?"

"Sijala kitu."

Ya pili ikawa hivyo. Ya tatu ikawa hivyo. Nilitoka nje kwenye jua la Malindi nikiwa mwepesi, nikaketi kwenye ngazi za nyumba na kwa mara ya kwanza tangu nije pale nilidhani kwamba labda hawakukosea kunichukua.

Profesa alituita wote wawili baada ya sala ya adhuhuri. Hakuniambia niketi.

"Nani alikuwa chini ya kawa?"

"Mimi, Profesa."

"Asubuhi zote tatu?"

"Zote."

Alikigeuza kioo nikione. Mistari yangu mitatu ilikuwa pale, mizuri, mmoja juu ya mwingine, na kando yake uwiano aliokuwa ameufungua. Sitini na saba. Sitini na saba. Sitini na nane.

"Mwanangu," alisema polepole, "hii ni taa."

Sikuelewa kwa muda mfupi. Nilipoelewa, nilizisoma zile namba upya, moja moja.

Alimgeukia mwenzangu. "Wewe ulisimamia. Ulimwona?"

"Nilimwona akiingia, Profesa. Na akitoka nilimwona."

"Katikati?"

"Katikati niliona mstari. Umetulia sana."

"Sikukuuliza mstari. Ulimwona mtu?"

Mwenzangu, mwenye neno kwa kila jambo, alitazama viatu vyake.

"Sikiliza," Profesa akaniambia. "Kushindwa kutulia si kosa. Ningekutafutia kazi ya hesabu mahali pazuri, na ningekuandikia vizuri. Lakini kama uliweka taa pale ukakaa pembeni, hutafanya utafiti, hapa wala kwingineko. Hilo nitalihakikisha mimi mwenyewe. Kwa hiyo nauliza mara ya mwisho."

Mtu yeyote mkweli angepaza sauti. Angelia, angeapa, angekasirika. Mimi nilinyamaza, na sababu yake ni jambo ambalo sijawahi kulisema hadi leo: sikuwa na hakika. Nilirudi kichwani kuzitafuta zile asubuhi nikakuta mwanzo wake na mwisho wake tu. Kawa likishuka. Kawa likiinuka. Kati ya hapo hapakuwa na kitu, hata wazo moja, hata muwasho wa pua. Nilikumbuka kiganja changu kando ya kawa wakati wa alasiri, nikawaza, je, kama nilikuwa nimesimama hapo? Je, kama ni kweli aliyelala ni taa? Mimi ninayerudi mara mbili kuhakikisha mlango, nilirudi kuhakikisha kama nilikuwapo, na sikupata.

"Nipime tena," nilisema hatimaye. "Kesho. Usimamie wewe."

Asubuhi iliyofuata Profesa aliichukua taa na chupa ya spiriti akavifungia kwenye gari lake. Alitazama uvunguni. Aliukagua mpira kutoka kwenye kawa hadi kwenye mashine kwa vidole, kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki. Kisha akanishushia kawa yeye mwenyewe, na kabla ya kutoka akasimama akanitazama usoni muda mrefu. Mlango aliuacha wazi, akaketi mbele ya kioo, mwenzangu kando yake.

Niliogopa kwamba woga utanirudishia ule msumeno. Haukunirudishia. Mwili wangu ulijua njia sasa. Nilipunguza pumzi moja, nikapunguza ya pili, nikasikia pampu ikienda mbali, na safari hii, kwa kuwa nilikuwa nimeapa kuangalia, niliona ninakokwenda. Hakukuwa giza. Palikuwa peupe kama mabwawa ya chumvi saa sita mchana, pale ambapo maji yameshakauka na upepo haupo na macho hayapati pa kutua. Sikuwa na hofu ya kukosea, kwa sababu hapakuwa na wa kukosea. Kwa namna ambayo sijawahi kuijua maishani, sikuhisi kwamba nimesahau kitu. Nilijua kwamba kuna watu ukumbini wanaoningoja. Nilijua hivyo kama unavyojua kwamba kuna miji ambayo hujawahi kufika.

Kisha kofi. Kofi la kweli, shavuni. Kawa lilikuwa sakafuni linabingirika, na Profesa ameniinamia akinishika taya, midomo yake ikisoma aya.

"Vuta! Vuta pumzi, mtoto! Vuta!"

Nilivuta. Hewa iliingia kama kitu chenye pembe. Nilivuta tena nikaanza kukohoa, kisha kulia, kisha vidole vikaanza kuniwasha vyote kwa pamoja, na Profesa akakaa kitandani kwa uzito.

"Ulikuwa wapi?" aliniuliza.

"Hapa."

"Nilisimama hapa juu yako. Nilikuita kwa jina lako, na jina la mama yako. Hapa palikuwa na nani?"

Nilijipapasa shavu lililopigwa.

Maelezo alinipa baadaye, tukinywa chai ya tangawizi jikoni. Nilikuwa nikivuta hewa kidogo mno. Mwili uliendelea kuchoma na kutengeneza kaboni kama kawaida, lakini sikuitoa. Niliibana ndani, ikabaki kwenye damu. Mashine huona kinachotoka tu. Ndiyo maana uwiano ulishuka hadi sitini na saba siku zile tatu, na siku hiyo, mbele ya macho yake, ulifika sitini na saba ukasimama kidogo, halafu ukaendelea kushuka. Hapo ndipo alipoinuka. Ni sababu safi ya kifiziolojia, nami niliifahamu kabla hajamaliza sentensi. Ilieleza kila kitu isipokuwa kwa nini nilipakumbuka kule peupe kwa hamu.

"Nimekudhania uongo," Profesa alisema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Lakini hujapita."

"Najua."

Wiki zilizobaki hazikuwa nyingi. Alinipiga marufuku kuikaribia taa. Kuipima ikawa kazi ya mwenzangu. Na kila asubuhi aliniita chumbani, akanilaza kitandani bila kawa, bila mpira, bila mashine kuwashwa, akavuta kiti akaketi, na akazungumza. Nilingoja mafunzo. Hayakuja. Alinieleza habari za goti lake. Goti lilivyoanza kwenye ngazi za uwanja wa ndege, goti lilivyo wakati wa mvua, daktari wa kwanza alisema nini na wa pili akasema nini, mafuta gani alipaka na shangazi yake alipinga nini kuhusu mafuta hayo. Aliporudia kisa cha ngazi za uwanja wa ndege nilijitahidi kusikiliza kwa makini. Mara ya tatu nikaanza kuwaza mengine. Nilihesabu madoa ya dari. Niliwaza mahamri. Niliwaza kwamba Profesa, kwa heshima zote, ni mchoshi.

"Unawaza nini?" aliniuliza ghafla.

"Nilikuwa nakusikiliza, Profesa."

"Muongo wee. Umejikuna pua mara mbili na umepumua kama ng'ombe. Tutaendelea kesho."

Sikujua kwamba kuchoshwa ni kitu mtu anaweza kufundishwa. Mimi sikuwa nimewahi kuchoka kwa namna hiyo. Nilikuwa nimejaa hofu tangu utotoni, na hofu haiachi nafasi. Siku alipolishusha kawa tena, aliketi kimya pembeni, akitazama kitanda, mwenzangu akiwa ukumbini. Nililala nikakumbuka ngazi za uwanja wa ndege. Tumbo lilinguruma, nikataka kucheka. Nilipumua vibaya, nikakumbuka kwamba ninapimwa, nikapumua vibaya zaidi, halafu mawazo yakaenda zake kwa mahamri na mbaazi, nami nikaenda nayo. Ilikuwa hivyo asubuhi mbili tena. Weupe ule niliuona pembezoni, mara moja, kama mtu anayesimama mlangoni asiyetaka kubisha. Nilijikuna pua.

Profesa alifungua uwiano mbele yetu. Themanini na moja, themanini na tatu, themanini. Mistari ilikuwa imejaa vifundo, na mmoja ulikuwa na mlima mzima mahali nilipokohoa, ambao ilibidi aukate.

"Mibaya sana," alisema, akichukua kalamu. "Imepita."

Alasiri hiyo mwenzangu alinipeleka kula viazi karai kwa mama mmoja nyuma ya soko. Tulikaa kwenye benchi, sahani ya ukwaju katikati yetu. Alinipongeza, akatania kwamba sasa nitawapima watu hadi desimali ya tano, na nilicheka na haikuniuma. Kisha nikamuuliza jambo lililokuwa likinikera tangu siku ile.

"Profesa alipokimbilia ndani, yeye na goti lake, kwa nini wewe hukuja? Wewe ndiye tabibu."

Alichovya kiazi kwenye ukwaju akakiacha humo.

"Nilisimama," alisema. "Nilifika hadi mlangoni."

"Halafu?"

"Mstari ulikuwa bado unakwenda. Umenyooka vile vile, unateremka tu. Nikasema, nikiinua macho nikakuta hakuna mtu kitandani, nitafanya nini?" Alipangusa vidole kwenye gazeti. "Kwa hiyo sikuinua."

"Nilikuwapo," nikamwambia.

"Najua, dada."

Lakini alisema hivyo akiitazama sahani.